Stima ya Jumapili

Kathure wajina,

Umeenda kuaga wenzako, na vile nakujua hutarudi kabla chai haijapoa mara mbili. Ndiyo nimepata nafasi. Nimeketi hapa kwenye benchi la babu yako, kati ya redio mbili ambazo wenyewe wamezisahau, naandika. Usicheke mwandiko. Mimi nilitolewa shule darasa la nne, baba yangu akasema mbuzi hawahitaji mtu wa kuwasomea. Lakini mita ya stima naisoma kuliko wengi wenye vyeti, na hilo unalijua.

Sitakuambia habari ya sweta. Nakuru kuna baridi, una ngozi, utajua. Sitakuambia ule vizuri na uombe na uchague marafiki. Kama miaka kumi na tano kwangu haijakufunza hayo, karatasi haitaweza.

Nina mambo mawili tu. La kwanza ni la valvu, kwa sababu hiyo karakana unayoenda inatengeneza amplifaya za zamani za wanamuziki, zile za chupa za glasi zinazowaka kama makaa, na huko chuoni walikufunza vitu vya volti tano ambavyo hata mtoto akilamba hafi. La pili ni la baba yako. Umekua hapa Kiwanjani ukisikia watu wakisema Mutuma ndiye alichoma mashine ya kanisa. Kesho utalala kwa nyumba yake. Sitaki ulale hapo ukiamini hivyo. Mashine ile niliichoma mimi.

Haya. Nimeandika, na mkono haujakauka.

Sasa tulia, usiruke mistari ukitafuta habari ya baba yako peke yake. Hutaelewa moja bila lingine.

Unajua nilivyoingia hii kazi? Hakuna aliyenifunza kwa kupenda. Mimi nilikuwa nauza chai hapo mbele, babu yako akitengeneza redio hapa ndani. Halafu macho yake yakaingia ukungu. Akawa anaona mkono wake lakini haoni sindano ya mita inaonyesha wapi. Akaniita. "Kathure, njoo unisomee hapa." Nikasoma. Kesho yake akaniita tena. Ikawa yeye anageuza bisibisi, mimi naita nambari. Thelathini. Thelathini na tatu. Simama hapo. Miaka mitatu nikawa macho yake, na mtu akikaa miaka mitatu akiwa macho ya fundi, siku moja mikono nayo inaamka. Watu wakicheka: "Leo ni mama ndiye fundi?" Nilikuwa nawajibu, "Lete redio yako uone, ama ubaki nayo ikiwa bubu." Walileta.

Nilikosea mapema, na nitakuambia yote, kwa sababu wewe una kichwa kigumu kama changu.

Mara ya kwanza kununua valvu peke yangu nilienda Nairobi, mwenye duka akaniwekea mbili mezani. Nikaangalia meno ya chini, manane, na kile kishina cha katikati. Nikaona zitaingia kwa soketi ya amplifaya tuliyokuwa tunatengeneza. Nikalipa. Nilipofika, babu yako akazipapasa, akauliza, "Zimeandikwa nini?" Nikasema, "Zinaingia." Akasema, "Sijauliza hivyo. Gambuti ya jirani pia inaingia mguu wako. Utaenda nayo Meru?" Nilikasirika wiki nzima, lakini alikuwa na haki. Zilikuwa valvu za mashine ndogo, za volti mia tatu. Amplifaya ile ilikuwa inapiga mia nne na zaidi. Zingepasuka kama mahindi kwenye sufuria. Kwa hivyo soma jina lililoandikwa kwa glasi, halafu usome jina lililoandikwa ndani ya mashine, na kama mwenye mashine anataka aina nyingine, uliza kwanza kama waya za chini zinakubali na kama transfoma inabeba. Fundi anayesema "zinaingia" ni mimi wa wakati huo, na mimi wa wakati huo nilikuwa mjinga.

Ukipewa valvu, angalia pale kichwani. Kuna rangi ya fedha ndani ya glasi. Ikiwa inang'aa, hewa haijaingia. Ikiwa imekuwa nyeupe kama maziwa, hata muuzaji akuapie kwa mama yake, imekufa. Na usinunue moja moja. Mashine ya kusukuma na kuvuta inataka valvu mbili zilizopimwa pamoja, nguvu sawa. Umeona mikokoteni ya punda wawili hapa mjini. Mmoja akiwa mvivu, si yeye anaumia, ni yule mwenye bidii. Atavuta mzigo wa wote wawili mpaka aanguke, halafu watu waseme punda alikuwa mbaya. Valvu ni hivyo. Ile yenye nguvu ndiyo inaungua kwanza.

Sasa bayasi, ile stima valvu inapewa ikiwa imekaa tu. Najua umeisoma, lakini umeisoma kwa ubao. Valvu hata kama hakuna anayeimba, inakunywa stima kidogo, kama lori limesimama lakini injini inanguruma. Ukiinyima kabisa, sauti ndogo inatoka ikikwaruza. Ukiizidishia, sauti inakuwa tamu, nakuambia ukweli, inakuwa tamu sana, na hapo ndipo shetani anakaa. Bamba la ndani linaanza kuwa jekundu. Si ule moto wa katikati, huo ni wake wa kawaida. Nasema lile bati la kijivu linalouzunguka. Ukiliona jekundu, usitafute mita, usiite mtu. Zima.

Kinachoishika isilewe ni ile volti hasi inayoingia kwenye gridi, ule waya mwembamba ndani ya valvu. Kwa hivyo kabla valvu mpya haijakaa kwenye soketi, pima kwanza kama volti hasi iko, pande zote mbili, na uigeuze iwe hasi mpaka mwisho wake. Ndiyo uzime, uweke valvu, ufunge spika. Spika ifungwe kila wakati, mashine isipige bila spika hata dakika moja, inajipiga yenyewe tumboni. Halafu washa, ngoja zipate moto, na uanze kuachilia polepole. Chini ya kila valvu kuna rezista ndogo ya ohm moja. Mita ikikuambia milivolti thelathini hapo, basi valvu inakunywa miliampea thelathini. Hesabu hata mimi wa darasa la nne naiweza: valvu ya wati ishirini na tano, chukua sehemu saba kwa kumi, ni kumi na saba na nusu. Gawanya kwa volti ulizopima kwa bamba. Zikiwa mia nne na hamsini, unapata kama mili thelathini na tisa. Hapo ni mwisho, si mahali pa kukaa. Wewe kaa thelathini na mbili, thelathini na tatu. Ngoja nusu saa, upime tena, kwa sababu ikipata moto vizuri inabadilika.

Na mkono mmoja, Kathure. Ule wa kushoto uweke nyuma ya mgongo kama mtu anayepita mbele ya wazee. Toa bangili. Mimi siku moja nilizima mashine, nikachomoa waya kwa ukuta, nikaingiza mkono. Si stima imetoka? Nilijikuta nimekaa chini, meno yamegongana, chai ya wateja imemwagika kwa mapaja. Mkono ulikuwa wa mtu mwingine mpaka kesho yake. Babu yako hakunipa pole. Alisema, "Mashine ikizimwa haijafa. Imenyamaza." Zile kapasita kubwa zinaweka stima kama ngamia anaweka maji. Ziondolee hiyo stima kwa rezista yenye waya zilizovikwa vizuri, pole pole, halafu upime kama zimeisha, halafu upime tena kwa sababu hujiamini. Usitumie bisibisi kuzipiga cheche kama vijana wa hapa. Hiyo ni kuonyesha watu ujinga wako kwa mwanga.

Sasa naja kwa baba yako.

Babu yako alipokufa, baba yako alikuwa na miaka ishirini na mbili, kama wewe leo. Hajaoa. Watu walianza kumwita fundi, mimi wakaniita mama fundi, na hilo neno "mama" mbele liliniuma kama mwiba. Yeye alikuwa mpole. Alikuwa anaweka sikio karibu na mashine anasikia ugonjwa kabla hajaifungua. Alikuwa hodari kunishinda. Sikuwahi kumwambia.

Kanisa lilikuwa na amplifaya ya valvu iliyoachwa na wazungu wa zamani, nzito kama mtoto wa ng'ombe. Tulipewa tuiwekee valvu mpya kabla askofu aje kwa kipaimara. Tulinunua mbili zilizopimwa pamoja, zenye jina sahihi, hapo sikukosea tena. Siku ya Jumanne tukaiweka hapa, kwenye benchi hili. Unakumbuka ukuta wa upande huu ulikuwa wa kinu cha posho. Kinu kile kikianza, taa zote za hapa zinakuwa kama mishumaa. Tulikuwa tumezoea. Mtu akizoea kitu hakioni.

Nikaanza kugeuza. Thelathini. Thelathini na tano. Sauti ilikuwa nzuri lakini mimi nilitaka askofu aseme, nani alitengeneza hii? Nikaendelea. Baba yako akasema, "Mama, hapo pametosha. Na kinu kinasaga, stima iko chini. Tungoje wafunge ndio tupime."

Nikamwambia, "Unanifunza? Ni nani alikuonyesha kushika bisibisi?"

Akasema, "Ni wewe. Lakini stima ya leo si ya Jumapili."

"Stima ni stima."

Nikageuza mpaka hamsini. Na si hiyo tu. Fyuzi ilikuwa imekatika wiki iliyopita, na nilikuwa nimeizungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilisema nitanunua fyuzi. Sikununua.

Jumapili kinu hakisagi. Mafundi wa chuma hawachomelei. Mji mzima umevaa nguo nzuri umeenda kuomba, na stima yote hiyo ambayo hakuna anayeitumia inakuja kwa nguvu zake zote kwenye waya ya kanisa. Valvu nilizozipimia zikiwa na njaa zikapewa karamu. Wimbo wa tatu, nikaona kwa mashimo ya kifuniko. Bamba jekundu. Nilikuwa nimekaa safu ya akina mama, katikati, nimevaa leso ya kichwa mpya, na sikusimama. Nilisema moyoni, itapoa. Sauti ikavunjika, moshi mweusi ukatoka, harufu ya lami, halafu moto ukashika kitambaa cha meza. Watoto wa kipaimara wakakimbia na mishumaa yao. Hakuna aliyeumia, Mungu alinihurumia hapo. Lakini transfoma ilikuwa imeungua mpaka ndani, na transfoma kama ile haikupatikana tena popote. Kanisa lilikaa bila mashine miaka miwili.

Nje, mbele ya watu wote, mwenyekiti wa kanisa akauliza, "Nani alitengeneza hii kitu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ndefu, Kathure, usidhani nilisukumwa. Nilifikiria watu waliocheka mwanamke akishika mita. Nikawasikia wakisema, si tulijua. Nikasema, "Muulizeni Mutuma. Si ndiye fundi?"

Baba yako aliniangalia. Mara moja tu. Halafu akamwambia mwenyekiti, "Ni mimi, mzee. Mnisamehe."

Hakunilaumu, hata tulipofika nyumbani. Alikula, akaosha sahani yake. Lakini hakuna aliyemletea redio tena. Walikuwa wanampita yeye hapo mlangoni, wananiletea mimi. Fikiria hiyo. Wananiletea mimi! Na mimi nilikuwa nachukua. Baada ya miezi michache akapanda lori la ng'ombe kama turnboi, msaidizi wa dereva, akaenda. Leo mikono iliyokuwa inasikia ugonjwa wa redio inaziba pancha Nakuru. Kila mwezi ananipigia simu, ananiuliza magoti yangu. Mashine hatujawahi kutaja.

Mwaka huo huo, Jumapili moja, nilikataa kwenda kanisani nikabaki hapa, nikachomeka mita kwa ukuta. Mia mbili arobaini na nane. Jumanne kinu kikisaga nikachomeka tena. Mia mbili na nane. Nikakaa chini. Kabla ya hapo nilikuwa najiambia labda valvu zilikuwa mbaya, labda askofu alikuja na mkosi, labda Mutuma alipoibeba aliigonga. Mita haina labda. Kijana wangu alikuwa ameniambia kwa maneno ya Kiswahili, kwa adabu, nikiwa na masikio mawili.

Kwa hivyo popote utakapopimia mashine, pima kwanza stima ya ukuta. Uliza itapigiwa wapi na saa ngapi, kama ni kwa jenereta ama kwa stima ya mji, kama jirani ana kinu ama mashine ya kuchomelea. Halafu acha nafasi. Nani atajua kama uliacha mili tano? Hakuna sikio la binadamu litajua. Lakini valvu itajua.

Mtu akikuambia simama hapo, simama kwanza, halafu ndio ubishane. Mimi nilibishana kwanza.

Uliponiuliza ukiwa darasa la tano, umetoka kupigana na yule msichana wa njia ya uwanja wa ndege, ukiwa na damu puani: "Shosho, ni kweli baba alikuwa fundi mbaya?" Unakumbuka nilikujibu nini? Nilisema, "Kula chakula." Wewe ulipigania ukweli bila kuujua, na mimi niliyeujua nikakuwekea githeri. Hiyo ndiyo sahani mbaya zaidi nimewahi kumpa mtu.

Sikuandika hii ili uibebe. Usiende kumsomea baba yako kama barua ya korti, na usimwonee huruma mezani akashindwa kumeza. Yeye anajua kila kitu, alikuwa amesimama hapa nikigeuza. Wasiojua ni wengine, na hiyo ni kazi yangu.

Nimeianza leo. Asubuhi ulipokuwa unafua, nilienda kwa yule mwenyekiti. Bado yuko, amezeeka kunishinda, anaota jua mlangoni kwake na kofia ya sufi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nikikaa kwake atanipa uji na nitapoteza ujasiri.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kathure, ulikuwa unangoja nife?"

Nikasema, "Ndiyo. Na umekataa."

Akacheka mpaka akakohoa, mjukuu wake akatoka kuangalia. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mimi nilimwambia yule kijana maneno mbele ya watu. Maneno mabaya. Nani atanitolea hayo?" Akasema hawezi kunisamehe hapo mlangoni, watu wawili wazee na kuku, wakati kijana alihukumiwa mbele ya kanisa zima. Akasema nilipe mahali nilipokopa.

Ni kweli. Nilitaka kukasirika lakini ni kweli.

Kwa hivyo ukifika kesho, mwache baba yako amalize kazi, anawe mikono, na umwambie hivi tu: Jumapili ijayo, baada ya matangazo, mama yake atasimama mbele. Mwenyekiti ameomba nafasi na amepewa. Waliokuwepo siku ile wamebaki wachache, wengine wamehamia Gotu, nimetuma watu wawaite. Mwambie akija akae popote anapotaka, hata nje kwenye kivuli, sitamwita mbele, sitamwaibisha mara ya pili kwa kulia juu yake. Asipokuja, nitasema vile vile. Na sitaki wanipe kipaza sauti. Nitasema kwa koo langu hili, mpaka wa safu ya nyuma waulize majirani wao, amesema nani? Na wajibiwe: amesema ni yeye.

Shosho wako,
Kathure mkubwa